Mguu wa Foppa na Wangu

Tiketi ya treni kutoka Stockholm ilinila krona 895, kwenda tu. Nilipozigeuza kuwa shilingi za Kenya nikahisi kizunguzungu, nikaapa kutogeuza tena. Kahawa na andazi la mdalasini humo ndani: krona 79. Kilomita zaidi ya 500, na ninachokumbuka ni misonobari.

Nilikuwa naenda Örnsköldsvik, Sweden, alikozaliwa Peter Forsberg, nyota wa hoki ya barafuni, Julai 1973. Markus Näslund, naye nyota wa hoki, alizaliwa mji huohuo siku kumi baadaye, kisha wakaja pacha wa Sedin, kisha Victor Hedman, wote wachezaji wa hoki. Kamji kadogo tu! Mimi nilijifunza kuteleza kwenye kile kiwanja cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kwa viatu vya kukodi vilivyonitoa malengelenge, na nikajihesabu mtu wa barafu.

Barafu ya mtaani haikunitambua. Hatua chache nje ya stesheni, miguu ilitangulia, makalio yakafuata. Bibi mmoja mwenye duka la viatu alinijia akitembea kama yuko sebuleni kwake. Soli zake zilikuwa na meno ya chuma. Alinishika kwapani, akaniketisha dukani, akanivua kiatu. Kifundo kilikuwa kimeumuka kama mandazi. Akaleta ndara za plastiki zenye matundu.

“Foppatofflor,” akasema.

Kroksi! Zilezile ambazo mama yangu huvaa akifua. Kumbe huku zimebeba jina la utani la Forsberg, Foppa, kwa kuwa aliwekeza pesa zake kwenye biashara hiyo.

Basi nilipomtaja tu, bibi alisahau wateja. Alichukua kiatu changu kitupu, akakiweka sakafuni: huyo ndiye Corey Hirsch, kipa wa Kanada. Kopo la kiwi likawa paki, kile kisahani kinachopigwa kwenye hoki, kijiko cha kuvalia viatu kikawa gongo. Lillehammer, Norway, 27 Februari 1994, fainali ya Olimpiki, penalti. Akalivuta kopo upande mmoja, kiatu “kikamfuata”, halafu kwa mkono mmoja, mwili umeshapita, akalisukumia upande wa pili. Likabingirika hadi chini ya rafu. Sweden ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika hoki. Karibu na mashine ya pesa alikuwa amebandika stempu ya 1995 yenye bao hilo. Hirsch alikataa sura yake itumike, kwa hiyo jezi ya kipa ikabadilishwa rangi.

Kisha akaketi, akashika kifundo changu bila kukitazama. Foppa alitwaa Kombe la Stanley, taji la ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, mara mbili na timu ya Colorado, 1996 na 2001. Mwaka 2003 akaongoza ligi hiyo kwa pointi 106 (mabao na pasi za mabao), akatajwa mchezaji bora. Lakini mguu! Upasuaji juu ya upasuaji, kila kiatu cha kuteleza kinamkataa. Februari 2011 akarudi Colorado, akacheza mechi mbili, akaacha.

“Miaka yote hii nauza viatu,” bibi akasema, “na yeye hakupata kinachomtosha.”

Ndara nilidhani ni zawadi. Nikiaga, akazipitisha kwenye mashine: krona 349, na meno ya chuma 199.

Nilimtumia mama picha. Akajibu: “Mwanangu, umepanda treni siku nzima kwenda kununua kroksi za kufulia?”