Mashini ya labo haijui sambaza

Kujua mtu amekula nini, njia ya kizamani ni kumuuliza tu, lakini watu wanasahau ao wanajipendelea, nani wa hapa Bukavu atapenda kuandika kwa fomu kwamba wiki nzima ilikuwa bugali na sombe (majani ya muhogo), nyama ilionekana Jumapili tu? Njo maana watafiti wamegeukia mkojo na damu, juu chakula kinaachaka alama, molekuli ndogo ndogo zenye wanaita metaboliti.

Kazi iko hivi: mkojo unapita kwanza kwa kromatografia, kijibomba chembamba chenye kutenganisha molekuli, kila moja inatoka kwa dakika yake, halafu zinapewa chaji ya umeme, spektrometa ya masi inazipima, inazivunja, inapima na vipande. Machungwa inaacha prolini betaini, mashini inaiona kwa uzito wa 144.102. Kahawa inaacha trigonelini, 138.055, ingawa hata njegere iko nayo, angalisho. Na molekuli mbili tofauti zinaweza kuwa na uzito mmoja kabisa! Basi lazima ulinganishe vipande na ile dakika ya kutoka, na molekuli safi yenye unajua ni nini. Mtu akiniambia ameitambua kwa uzito tu, mi simwamini.

Sasa samaki. Alama yenye wanapenda kutumia ni TMAO (molekuli inaitwa trimetilamini oksidi), lakini hiyo inajaa sana kwa samaki wa bahari, wa maji baridi (ziwa na mto) kwa kawaida wako nayo kidogo. Tena nyama na mayai vinaongeza TMAO, kupitia bakteria wa tumbo na ini. Kwa hiyo mama wa Kadutu mwenye anakulaka sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, kila siku anaweza kuonekana kwa mashini kama hali samaki, na jirani yake mwenye alinunua tomson wa frigo, samaki wa bahari, mara moja, huyo njo mvuvi!

Kwa muhogo tuko na bahati kidogo. Muhogo mchungu una linamarini, na ukiloweka haraka haraka inabaki kwa unga, sehemu yake inatoka nzima kwa mkojo, nyingine inageuka sianidi, na mwili unaibadilisha kuwa tiosianati kwa kutumia salfa ya protini. Mwenye hana protini njo anaumia zaidi. Kule Kahemba, kwa jimbo la Kwango, wanajua konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu, ni nini.

Kitu chenye kilinifurahisha ni kazi ya San Diego, Marekani, ya 2022: badala ya kungoja kila molekuli ipate jina, walipitisha vyakula vyenyewe kwa mashini, karibu 3,500, halafu wakalinganisha na sampuli za watu. Hata kitu hakina jina, unajua kimetoka kwa sahani gani. Hiyo njo njia yetu. Wapitishe sambaza mbichi, wa kukaanga na wa kukausha, lengalenga, kasiksi (pombe ya ndizi). Na sombe wapitishe yenye imeisha kupikwa na mawese ndani, si majani mabichi, juu hakuna mtu anakulaka ile.