Kaskazi imeingia, kazi haijapungua

Msimu wa upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka masika yaanze kunyesha Machi, mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja anafika kazini shati limeshalowa. Ukitazama kipimajoto hutaona cha kutisha: nyuzi 31, 32, labda 33. Garissa wanaona namba kubwa kuliko hizo na wanaendelea na shughuli zao. Tabu ya pwani ni unyevu. Jasho hupoza mwili pale linapokauka, na hewa iliyokwisha kushiba maji hailikaushi, linatiririka tu. Ndiyo maana nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 70 mwili unazipokea kama nyuzi 40 hivi. Hilo fukuto ndilo la kupangia kazi.

Tuanze na saa, kwa sababu kubadilisha ratiba hakuna gharama. Ubaridi wa pwani unafika kilele kabla tu ya jua kuchomoza, na joto linafika kilele saa nane hadi saa tisa alasiri. Saa hizohizo za mchana mwili una usingizi wake wa kawaida, hata pasipo joto wala chakula kizito. Kwa hiyo kazi inayotaka akili nzima, kama kusuluhisha hesabu za benki, kuandika ripoti, kukagua mkataba au kuandaa ritani ya VAT kabla ya tarehe 20, iwekwe kati ya saa moja na nusu na saa nne na nusu asubuhi. Ukizipata saa tatu hizo bila kukatizwa, umemaliza nusu ya kazi ya siku. Baada ya saa saba mchana fanya yale ambayo ukikosea yanarekebishika: kujibu barua pepe, kupanga mafaili, kupiga simu za kufuatilia, kuchapa vocha.

Mwizi mkubwa wa asubuhi ni kikao. Ofisi nyingi zina mazoea ya kukutana saa mbili au saa tatu, watu wanazunguka meza, chai inaletwa, na kikao kinapofungwa ni saa tano na jua limeshakaza. Kipindi cha kaskazi kipelekeni kikao saa nane mchana, kwenye chumba kimoja kilichopozwa vizuri, na mzime viyoyozi vya vyumba vingine kwa muda huo. Lakini hesabuni vichwa kwanza. Mtu aliyekaa kitini anatoa joto la wati 100 hivi. Watu kumi ni wati 1,000, wakati kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaondoa wati 3,500 tu, na hapo hujaweka projekta, laptopu wala dirisha la magharibi. Mkiwa kumi na tano kwenye chumba cha watu sita, rimoti hata ikisomeka 16 mtatoka jasho.

Hiyo 16 ndiyo ugonjwa wa ofisi zetu. Kiyoyozi cha kawaida, kisicho cha inveta (kile kinachobadili mwendo wa kompresa), kina kompresa, pampu ya gesi, inayowaka au kuzima, basi. Ukiweka 16 au 24, chumba kinapoa kwa mwendo uleule. Tofauti ni kwamba ukiweka 16 kompresa haipati pa kupumzika. Cha inveta kinaweza kukaza mwendo mwanzoni, ila nacho hakitafika 16 mchana wa Februari. Matokeo yake ni bili ya umeme, dada wa mapokezi kajifunika mtandio, na mhasibu aliyekaa mbali na mashine bado anajipepea na faili. Weka 25 au 26 na uwashe feni ya dari taratibu. Siku ya mawingu mazito, yenye unyevu kuliko joto, bonyeza ile alama ya tone la maji kwenye rimoti: mashine inakausha hewa bila kukigandisha chumba.

Kiyoyozi kinachopuliza hewa isiyo baridi si lazima kiwe kimeishiwa gesi, ingawa fundi wa kwanza utakayemwita mara nyingi atasema hivyo. Fungua mfuniko wa mbele na uchomoe chujio. Likiwa na vumbi la kijivu kama sufi, hewa haipiti, na koili ya ndani inaweza kuganda barafu. Lioshe kwa maji ya bomba na brashi laini, likauke kivulini (juani plastiki inapinda), ulirudishe. Kaskazi lisafishe kila wiki mbili. Ofisi iliyo kando ya barabara ya vumbi kila wiki. Kama barafu imeshaonekana, zima ubaridi, acha feni yake peke yake mpaka barafu iyeyuke, ndipo uwashe tena. Ikirudi na chujio ni safi, hapo gesi inaweza kuwa imevuja, na fundi anatakiwa atafute panapovuja kabla ya kujaza. Akijaza bila kutafuta, utamwita tena mwezi ujao.

Maji yanayotiririka ukutani chini ya mashine yana sababu nyingine, kwa kawaida bomba la kutolea maji limeziba kwa utando au wadudu. Fundi analivuta kwa mashine ya kufyonza au kulipuliza kutokea nje, kazi ya dakika chache. Na ile sehemu ya nje itazameni pia: ikiwa imebanwa kwenye kibaraza kilichojaa maboksi, inavuta hewa ya moto iliyoitoa yenyewe.

Kuna jambo moja watu hawalijui kuhusu viyoyozi hivi vya ukutani: havileti hewa mpya. Vinaizungusha ileile ya chumbani. Watu sita wakijifungia tangu asubuhi, kufika saa tisa wanasinzia na wanalaumu wali wa mchana, kumbe wamepumua hewa ya wenzao siku nzima. Fungua madirisha dakika kumi kabla ya kazi kuanza, na tena wakati wa chakula mashine ikiwa imezimwa. Unyevu utaingia kidogo, lakini utaondoka ndani ya robo saa ukiwasha tena.

Wasio na kiyoyozi, na ndio wengi, wana feni. Feni hupoza mtu, chumba haikipozi, kwa hiyo kuiacha ikizunguka ofisi tupu ni kuchoma umeme bure. Mtu akiwepo inasaidia sana, kwa kuwa hewa ya pwani hata mchana huwa bado iko chini ya joto la ngozi. Feni ya dari inayozunguka kwa uvivu hata ukiiweka namba tano mara nyingi imechoka kapasita, kidude cha bei ndogo ambacho fundi umeme anabadilisha kabla chai haijapoa. Mwonyeshe ya zamani ili alete yenye namba ileile. Kama inakwenda kasi lakini ukisimama chini yake huhisi upepo ukishuka, inazunguka kinyume.

Halafu kuna jua lenyewe. Linapita utosini mwa Dar mara mbili kwa mwaka, karibu Oktoba 10 na mwanzoni mwa Machi. Katikati ya tarehe hizo, Desemba na Januari, jua la adhuhuri liko upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kusini lililokuwa kivulini Juni yote sasa linapigwa. La magharibi ndilo baya zaidi, kwa sababu jua la saa kumi linaingia limelala hadi mezani. Pazia la ndani linasaidia macho, ila joto limeshavuka kioo. Kizuizi kinachofaa ni cha nje: chiki, yaani pazia za mwanzi, turubai lililowambwa nafasi kidogo kutoka ukutani, au mti ukiwa nao. Chini ya paa la bati lisilo na dari, hamisha meza. Hakuna feni itakayoshinda bati la saa nane.

Laptopu nayo inaelemewa. Ikipata moto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na wewe unadhani ni intaneti au virusi. Inyanyue nyuma kidogo, hata kwa vifuniko viwili vya chupa, usiiweke juu ya mto wala kitambaa, na ipulizwe vumbi walau mara moja kabla ya Desemba. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikianza kuvimba chini au padi ya kipanya ikainuka, betri imeharibika. Acha kuichaji na uipeleke ikatolewe.

Kunywa maji kidogokidogo, glasi moja kila baada ya saa moja hivi ukiwa mezani. Rangi ya mkojo ndiyo kipimo: ukiwa wa manjano iliyokolea, umechelewa. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo, hivyo kwa mtu aliyetoka jasho sana halitoshi peke yake. Anayezunguka juani, awe mesenja, afisa mauzo, fundi au mpimaji ardhi, anywe glasi kila dakika 15 hadi 20, apate na mlo wenye chumvi. Akitoka jasho kupita kiasi, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Anayeanza kuongea ovyo au kuchanganyikiwa huku mwili unawaka, huyo hangoji mchanganyiko huo: kivulini, mvue nguo za juu, mwagie maji mwili mzima, mpepee, na gari la hospitali liitwe wakati huohuo.

Kwa watu hao wanaofanya kazi juani, nchi za Ghuba zimeshaweka sheria. Oman inazuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni hadi Agosti. Falme za Kiarabu kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa, Juni 15 hadi Septemba 15. Joto lao ni kali kuliko letu, lakini ratiba inaigika. Safari ya benki, ya bandarini au ya kwa mteja ifanyike kabla ya saa tano. Mgeni aliyetoka Mbeya au Nairobi mpe siku chache za kazi nyepesi za nje kwanza, maana mwili unachukua wiki moja hadi mbili kuzoea.

Ramadhani sasa inaangukia humuhumu. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Kwa anayefunga, asubuhi ina thamani mara mbili. Bosi mwenye busara ataruhusu kuingia saa moja na kutoka mapema, na hatampangia mtu safari ya juani saa nane.

Usingizi wa usiku ndio unaoamua yote, na usiku wa Januari nyuzi haziendi chini sana ya 25. Chandarua kinakata upepo, kwa hiyo feni ya kusimama isogezwe karibu na kitanda, ielekezwe ubavuni badala ya usoni. Oga maji ya kawaida ya bomba kabla ya kulala, usijifute ukakauka kabisa. Ukiwa na madirisha mawili yanayotazamana, fungua yote yenye nyavu kuanzia saa moja usiku ili kuta zitoe joto zililobeba mchana. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha kiyoyozi, presha ya gesi itulie kwanza. Ukikiwasha papo hapo kompresa inaweza kukwama, na kompresa ndiyo sehemu ghali kuliko zote kwenye mashine hiyo.