Springi za kubebea dagaa hazifai jangwani

Mdogo wangu yuko Muscat, Oman, anafanya kazi huko, na siku za mapumziko yeye na wenzake wanapakia maji na mkaa wanakimbilia mchanga wa Wahiba, jangwa la hukohuko. Sasa kajipatia Hilux ya zamani, ile ya tosheni baa mbele, yaani vyuma virefu vinavyojipinda badala ya springi, na springi za mabamba nyuma, na toka ainunue simu yangu haipumui. Kaka niinyanyue inchi ngapi, kaka niweke spensa, vile vipande vya kunyanyulia bodi, kaka kuna jamaa kaweka springi ngumu gari imesimama balaa. Nimemjibu kwa voisi mpaka koo limekauka, kwaiyo naandika hapa asome mwenyewe, na wengine wenye mawazo hayohayo wasome.

Dogo, tatizo lako ni kwamba magari umeyajulia Mwanza.

Huku suspensheni tunaijua upande mmoja tu, mzigo. Pikapu inatoka Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa yamepita juu ya kebini, nyuma imechuchumaa, mwenye gari anakuja gereji Nyakato anasema fundi ongeza bamba. Tunaongeza. Ikirudi tupu inarukaruka, abiria anashikilia dashibodi, lakini halalamiki mtu maana hela iko kwenye mzigo na mzigo umefika.

Jangwani kazi ni nyingine kabisa. Unabeba watu wawili, maji, mafuta na zana, alafu unakutana na mashimo na vimatuta mfululizo ukiwa kwenye mwendo. Unachotaka ni tairi ipande na kushuka sana huku bodi imetulia. Angalia Dakar, yale mashindano ya magari ya jangwani, ambayo toka 2020 wanaikimbiza Saudia hapo jirani yako, magari ya daraja la T1+ mwaka 2022 yaliruhusiwa tairi itembee, yaani ipande na kushuka, milimita 350 badala ya 280, na tairi zenyewe zikawa za inchi 37. Unaona wanachogombania ni nini, nafasi ya tairi kutembea, sio gari kuonekana ndefu kwenye picha.

Spensa inanyanyua bodi, basi. Shokapu ni ileile, na tairi inatembea kilekile ilichokuwa inatembea. Tosheni baa nayo ukikaza boliti zake gari inapanda mbele unafurahi, kumbe hujaongeza kitu, umekata nafasi ya tairi kushuka ukaihamishia juu, ndo maana ukipita tuta dogo tu unasikia chuma kinagonga chuma. Juu ya hapo drive shaft, vile vyuma vinavyozungusha tairi, zinakaa pembe mbaya, buti, yaani raba zinazofunika jointi, zinachanika, mchanga unaingia kwenye jointi na ukishaingia umeshanunua jointi mpya. Na tairodi, vyuma vya stelingi vinavyogeuza tairi, zikiinama sana, kila tairi ikipanda au kushuka gari inajivuta yenyewe upande bila wewe kugusa stelingi. Inchi mbili zinakutosha, zaidi ya hapo unalipia matatizo.

Nyuma fungua springi utoe lile bamba nene la chini, lile la mzigo, kisha upange mabamba membamba yanayopishana urefu vizuri. Weka yubolti mpya, zile boliti za umbo la U zinazobana springi na ekseli, za zamani usirudishe, zimeshavutika. Baada ya safari ya kwanza zikazwe tena, hapa usiwe mvivu, maana yubolti ikilegea sentabolti, ile ya katikati inayoshika mabamba pamoja, inabeba kazi ambayo sio yake, ikikatika ekseli inahama na gari inaanza kutembea kiubaveubave. Canter za barabara za vumbi Sengerema zinaniletea hiyo kesi kila msimu.

Hela yako kubwa peleka kwenye shokapu. Watu wanadhani shokapu ndo inabeba gari, hapana, springi ndo inabeba, shokapu inaizuia springi isicheze ngoma. Kile kishindo chote inakigeuza kuwa moto. Kwenye lami hauuoni, lakini piga nusu saa ya vimatuta mfululizo mafuta ya ndani yanachemka, yanakuwa mepesi, yanatoa povu, na pistoni inayopita kwenye povu haizuii kitu. Gari iliyokuwa imetulia asubuhi saa sita mchana inaogelea. Ndo maana wenzetu wa jangwani wanafunga shokapu nene zenye gesi ya naitrojeni inayokandamiza mafuta yasitoe povu, na pembeni kuna chupa yake ya kuongeza mafuta na kupoza. Za mashindano zina vibomba kwa nje vinavyopitisha mafuta pistoni ikiwa katikati, kwaiyo katikati inakuwa laini na mwishoni inakuwa ngumu, akili nyingi sana, ila bei yake ndugu yangu anza kwanza na zile za chupa.

Kipimo changu ni mkono. Ukitoka kwenye rafu, simama, pitisha kiganja karibu na kila shokapu, usishike ghafla utaungua. Mbili za mbele zilingane joto, na mbili za nyuma zilingane joto. Moja ikiwa ya baridi na wenzake wanafuka, hiyo imekufa, haifanyi kazi, hata kama haivuji tone. Kuna wateja nimewaonesha hivi palepale gereji wakabaki wameduwaa.

Alafu usisahau mikanda ya kuzuia ekseli isishuke kupita kiasi, la sivyo shokapu ndo inageuka kamba. Raba za kugongea ziwe nzima. Na hosi za breki: nyanyua gari tairi zining'inie kabisa, geuza stelingi mwisho kushoto, mwisho kulia, uangalie hosi kama haivutiki. Hii ni ya bure na ndo watu wanairuka.

Sasa usalama, na hapa nitakuwa mkali. Umesema kuna mtu atakuchomelea keji, ile fremu ya mabomba ya kukulinda gari ikibiringika, kwa bomba la maji, bei nafuu. Hapana. Bomba la maji ni la maji. Keji inataka bomba la chuma lisilo na mshono uliochomewa kizembe, nguzo kuu nyuma ya viti, brasi ya mshazari, yaani bomba la kukingama, na miguu ikae juu ya sahani za chuma zinazobana bodi juu na chini, maana mguu uliochomewa kwenye bati jembamba gari ikibiringika unatoboa sakafu kama msumari. Na ukishaweka keji unavaa helmeti, bomba karibu na kichwa kitupu ni nyundo inayokusubiri. Mikanda ya mabega ifungwe kwenye bomba la usawa wa mabega, usiishushe nyuma mpaka sakafuni, siku ya kishindo inakukandamiza uti wa mgongo. Mtungi wa moto uwe pale unapoufikia ukiwa umefungwa mkanda. Jeki, betri na galoni zifungwe, kitu kikiruka ndani ya kebini hakichagui kaka wala dogo.

Kuvutana: usifunge kamba kwenye lile tufe la kuvutia tela, hata kama wenzako wanafanya. Likikatika linaruka na kuua mtu. Chomelea hapana, funga kulabu za uhakika kwenye chesesi kwa boliti. Bendera ndefu iwe juu, mtu wa upande wa pili wa kilima cha mchanga akuone kabla hamjakutana kileleni.

Upepo wa tairi shusha mpaka psi 15 hadi 18 kabla hujaingia, usisubiri ukwame, ukizidisha kushusha tairi inatoka kwenye rimu kwenye kona. Beba kompresa, kabla ya lami jaza tena.

Winchi aliyoniulizia jana usiku nimemwambia abaki na hela yake, katikati ya mchanga mti wa kufungia ni wa kubahatisha, anunue koleo, zile mbao za kukwamulia na kipande cha ubao wa kuweka chini ya jeki. Keji atachomelewa hukohuko, ila picha za kila kiungo anitumie kabla hawajapaka rangi.