Chapati za Mbeya Juu ya Atlantiki

Safari yangu ilianzia Soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, jioni ya kuamkia siku ya kuondoka. Njia yenyewe ni ndefu: Songwe hadi Dar es Salaam, Dar hadi Ulaya usiku kucha, kisha Ulaya hadi New York kwa shirika linalouza tiketi nafuu na chakula kwa bei yake. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichonipeleka sokoni. Tiketi ya namna hiyo inalipia siti na begi dogo, mlo unajitegemea. Icelandair, Norse Atlantic na Scoot wote wana tiketi za safari ndefu ambazo chakula hakimo, na huko Asia AirAsia X ni hivyo hivyo. Kazi yangu ni kupakia chakula cha ndege, na nikimwona mtu wa Mbeya au Iringa anapanda ndege inayoruka saa nane nzima mikono mitupu naumia, kwa sababu sisi tunaishi kwenye hewa inayofanana sana na ile ya ndani ya ndege.

Hilo si neno la kupamba. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ndege ikiwa juu, mita elfu kumi na zaidi, hewa ya ndani inasukumwa na mitambo hadi ifanane na ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Ni kama umekaa mahali fulani kati ya Mbeya mjini na milima ya Uporoto. Ndiyo maana pakiti ya krispi iliyofungwa Dar ukiikuta dukani Mbeya imetuna kama puto. Ndani ya ndege inatuna hivyo hivyo: hewa iliyofungwa pwani inapanuka kwa karibu theluthi moja. Iliyofungwa Mbeya inaongezeka kama sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo kopo au hotpoti iliyofungwa nyumbani Uyole haisumbui angani, lakini ukiifungua Dar na kuifunga tena, umeingiza hewa ya pwani, na ukiifungua huko juu inaruka usoni. Mtindi wa kikombe unaouzwa ndani ya ndege ni vivyo hivyo. Toboa kifuniko upande ulio mbali nawe kwanza, usikivute kwa mpigo.

Nilichonunua Mwanjelwa: karanga mbichi robo kilo, unga wa ngano nusu kilo, ndizi mbivu nne za Tukuyu, viazi vidogo vitano na maparachichi mawili. Karanga nilizikaanga kwa moto mdogo na maji ya chumvi, nikazidisha chumvi kidogo kuliko ninavyofanya kwa kula nyumbani. Sababu ipo. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifanya majaribio kwa ajili ya Lufthansa, ikaona kwamba ulimi wa abiria angani unapoteza sehemu ya ladha ya chumvi na ya sukari. Hewa ni kavu, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, pua inakauka, na bila pua ladha nusu imekwenda. Ladha ya nyanya na ya mchuzi mzito ndiyo inayobaki na nguvu. Wapishi wa ndege wanalijua hili, na ndiyo maana mkate wanaouza una jibini na nyanya iliyokolea.

Chapati ndizo nilizozipa muda. Kwa nusu kilo ya unga: chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko vitatu vya chakula, maji ya vuguvugu kama mililita 300. Donge lipumzike nusu saa. Zinatoka sita. Mafuta hayo yanaonekana mengi, lakini chapati yenye mafuta kidogo ikikaa saa kumi kwenye hewa kavu inakuwa kama kadibodi. Kosa linaloharibu chapati za safari ni kuzifunga zikiwa za moto. Mvuke unageuka maji ndani ya foili, chapati ya chini inalowa, na kesho yake ina harufu. Zitandaze kwenye ungo zipoe kabisa, ndipo uzifunge mbili mbili, ili ukifungua kifurushi kimoja vingine visikauke.

Asubuhi tulishuka na gari kupitia Mbalizi hadi Songwe, uwanja ulioanza kutumika mwaka 2012 na kuchukua nafasi ya ule wa zamani uliokuwa mjini. Safari ya Dar haifiki saa mbili, hakuna la kusimulia. Viazi vya kuchemsha, vikiwa na maganda yake, nilivila njiani na kuvimaliza nilipotua Dar. Chakula chenye maji kikikaa joto la pwani zaidi ya saa nne usikibebe tena. Kula chenye maji kwanza, kikavu kibaki mwisho.

Mezani kwa ukaguzi Dar nilimwona kijana wa Rungwe akinyang'anywa chupa ya asali ya nusu lita. Sheria ya vimiminika ilienea duniani baada ya njama ya mabomu iliyogunduliwa London Agosti 2006: kila chombo kisizidi mililita 100, vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa lita moja. Wengi wanajua hilo kwa maji na sabuni. Wasilolijua ni kwamba asali, mtindi, karanga za kusaga na jamu vinahesabiwa vimiminika pia. Vitie kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, sehemu ya mizigo. Ulanzi na togwa usivitie popote, maana vinaendelea kuchacha, gesi inajaa, na chupa inapasuka juu ya nguo zako. Makande nayo usiyale usiku wa kuamkia safari. Gesi ya tumboni inapanuka kama ile ya pakiti ya krispi, na siti ya katikati haina pa kwenda. Chupa tupu inapita ukaguzi bila shida, na viwanja vingi vya Ulaya vina mabomba ya maji ya kunywa baada ya ukaguzi. Mimi nilijaza lita moja kabla ya kupanda ndege ya pili, na lita hiyo ilinifaa kuliko kitu chochote nilichobeba.

Ndege ya Dar hadi Ulaya iligawa chakula kama kawaida. Ya kuvuka bahari ndiyo iliyouza.

Hapa nieleze toroli la kuuzia chakula, kwa sababu abiria wengi wanadhani vitu vikiisha ni uzembe wa wahudumu. Toroli zima lina upana wa sentimita 30, kina cha sentimita 81 na urefu unaozidi mita moja kidogo. Nusu toroli lina kina cha sentimita 40. Ndani yake ni droo. Kila toroli linafungwa kwa lakiri ya plastiki yenye namba, na namba hiyo inaandikwa, ili kinachouzwa kihesabiwe dhidi ya kilichopakiwa. Tunapopakia tunaangalia idadi ya tiketi, saa ya kuondoka na mauzo ya safari zilizopita. Krispi, chokoleti na tambi za kikombe tunapakia kwa wingi kwa kuwa haziozi. Mikate yenye nyama tunapakia kwa kubana sana. Mkate usiouzwa ni hasara, na ndege inayotoka nchi nyingine haiwezi kuugawa ikitua: mabaki ya chakula cha nyama na maziwa yanateketezwa ili magonjwa ya mifugo yasivuke mipaka. Uzito nao unakula mafuta. Kwa hiyo mikate inakuwa michache kuliko abiria, na inakuwa hivyo kwa makusudi.

Toroli moja lilianzia mbele, jingine nyuma, yakakutana karibu na safu ya 30. Waliokaa hapo walikuta tambi na biskuti tu. Ukijua utakula cha kununua, agiza mtandaoni kabla ya safari, maana kilichoagizwa kinapakiwa juu ya hesabu ya kawaida. Ukisahau, mwambie mhudumu mapema, kabla mauzo hayajaanza.

Kikwazo kingine ni malipo. Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima wa Tukuyu, anakwenda kumwona mjukuu. Tulikuwa tumeshasalimiana, shikamoo na marahaba. Alitaka chai na mkate. Bei kwenye karatasi, yuro 3 na yuro 9. Kadi yake ya benki ikakataliwa mara mbili.

"Mwanangu, hela zimo. Jana nimetoa Dar."

"Zimo, mama. Mashine haina mtandao hapa juu. Haiwezi kuuliza benki."

Mashine nyingi za ndani ya ndege zinaandika malipo na kuyatuma benki baada ya kutua. Shirika likikuta akaunti haina kitu, hasara ni yake, kwa hiyo mashine inapangwa kukataa kadi za kulipia kabla na kadi zozote zinazolazimisha salio liulizwe papo hapo. Kadi nyingi tulizo nazo ni za aina hiyo. Kadi ya kwenye simu tu, isiyo na plastiki, ni ngumu zaidi, kwani hakuna cha kuchomeka. Fedha taslimu mashirika mengi yameacha kupokea. Kwa hiyo kulipia chakula wakati wa kununua tiketi ndiyo njia ya uhakika kwa msafiri wa kwetu.

Nasema wazi ninavyoona: biskuti na bia ziuzwe, ni haki. Lakini mtu aliyefungiwa saa nane kwenye hewa kavu namna ile apewe maji bila kuulizwa kadi. Basi la Dar likisimama Ruaha Mbuyuni, abiria anachagua, anapunguziwa bei, au anashuka kutafuta bomba. Angani hana mlango wa kushukia.

Chai nilimlipia mimi. Ilikuja nyepesi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi Mbeya, na ndani ya ndege 92 au 93, kwa hiyo jani linahitaji kukaa. Tulifunika kikombe kwa kisahani dakika tano, rangi ikakubali. Chapati tukala mbili kila mmoja. Kabla ya kufungua karanga niliwauliza waliokaa karibu, kwani kuna watu zinawadhuru hata kwa vumbi lake.

Saa moja kabla ya kutua nilimkumbusha mama habari ya maparachichi. Marekani hairuhusu kuingia na tunda kiholela, hata lile ulilopewa ndani ya ndege; mwaka 2018 abiria mmoja aliyetoka Paris alitozwa dola 500 kwa tofaa aliloliweka kwenye begi bila kulitaja. Yangu yalikuwa ya aina ya Hass, yameiva sawasawa: ganda jeusi, shingo inabonyea kidogo ukiigusa kwa kidole gumba. Kisu hakuna, lakini ukingo wa kijiko cha mbao unatosha. Zungusha kwenye urefu wake hadi ukutane ulipoanzia, kisha sokota nusu mbili kwa mikono. Mama alinyunyiza chumvi iliyobaki kwenye karatasi ya karanga, akala taratibu, akasema limetoka pazuri. Maganda na kokwa tulivikunja kwenye foili ya chapati, tukampa mhudumu alipopita na mfuko wa takataka.