Chanyonya?

Desemba ya mwaka wangu wa pili wa uzamivu nilirudi Mombasa na kipande cha silikoni, ile ya chipu za kompyuta, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Nilikisafirisha kutoka Ujerumani ndani ya kijisanduku cha plastiki, mfukoni mwa shati. Begi sikuliamini.

Kilikuwa kizuri, sisemi uongo. Ukikiinamisha kwenye mwanga kinatoka zambarau kinaingia kijani, kama dizeli iliyomwagika majini pale kivukoni Likoni. Rangi zile si za silikoni, ni za utando uliolala juu yake, unene wa nanomita 300 hivi. Ungepanga tando 200 za namna hiyo ndipo ukaribie unene wa unywele. Mama alikisifu, shangazi akauliza kama kinauzwa, na tulipomaliza mahamri nikakipeleka Mwembe Tayari kwa ami yangu.

Ami ni fundi wa friji. Karakana yake ni mlango mmoja mwembamba, friji zenyewe zimepangwa nje. Siku ile alikuwa amefungua ya muuza juisi ya ukwaju, na mwenyewe yuko papo hapo juu ya kreti ya soda, kila dakika tano auliza itakuwa tayari saa ngapi. Kaskazi ilikuwa haijaanza kuvuma sawasawa. Joto lilikuwa la kukaa nalo tu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hivi wasomea nini hasa huko? Mamako aniambia ni taa."

Nikamwambia si taa, ni leza. Twachukua unga wa zeolaiti, twaushindilia uwe kidonge, twakiweka ndani ya chemba iliyofyonzwa hewa. Halafu twakipiga kwa leza ya urujuanimno, ya nanomita 248, mara 10 kwa sekunde, na kila pigo halifiki hata nanosekunde 30. Pale linapogonga, uso wa kidonge wageuka mvuke wa moto, waruka kama ulimi wa mwanga, wenda kutua juu ya silikoni iliyopashwa joto. Mapigo maelfu, utando mmoja. Ami alinifuata vizuri kuliko nilivyotarajia. Mtu anayechomelea shaba kila siku mvuke wa moto haumtishi, na pampu ya kufyonza hewa alikuwa nayo yake hapo miguuni.

"Na hiyo zeolaiti ni kitu gani?"

Nikaona nafasi ya kujidai. Ni fuwele yenye vitundu, nikasema: silikoni, alumini na oksijeni zimejengeka kama jumba la vyumba vingi, na milango yake ni midogo mno, molekuli hii ipite na ile izuiwe. Nikamtolea na habari ya Cronstedt, Msweden aliyelichoma jiwe la aina hiyo mwaka 1756, likatoa mvuke, akaliita kwa Kigiriki jiwe linalochemka. Nilipoinua macho ami hayupo. Alikuwa ndani, apekua kwenye makopo.

Akarudi na draya mbili, moja kuukuu aliyoitoa kwenye ile friji na moja mpya ambayo vizibo vyake havijafunguliwa. Kwa asiyeijua, draya ni kibomba cha shaba kinene kama kidole, hufungwa kabla ya kapilari, ule mrija mwembamba wa kupitisha gesi, kazi yake kuyakamata maji yaliyojificha ndani ya mfumo. Maji kidogo tu yakibaki humo huganda mwisho wa kapilari, gesi haipiti, na friji yako imekuwa kabati. Akazikata zote mbili. Ndani mlikuwa na punje mfano wa mtama, rangi ya udongo mkavu.

"Lete mikono."

Akanimiminia za zamani kiganja cha kulia, mpya cha kushoto, kisha akatia maji ya chupa huku na huku. Kulia hakukuwa na lolote. Kushoto punje zilianza kutoa mlio, vipovu vikatoka, na kabla sijauliza nikazimwaga zote chini. Zilinichoma. Muuza juisi alicheka mpaka kreti ikayumba.

"Hizo za kulia zimeshiba," ami akasema. "Hizi zilikuwa na njaa." Alikuwa na zeolaiti mikononi miaka yote hiyo, nami nikimfundisha ni kitu gani. Halafu akakichukua kipande changu, akakiinamisha kwenye jua mara moja tu.

"Na hiki? Chanyonya?"

Nilikuwa nimepima unene wake na ulaini wake, nimekipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Swali hilo nililikwepa, na nililikwepa kwa kuwa jibu ninalo. Wiki tatu kabla ya safari nilikitia kwenye mashine ya eksirei. Fuwele iliyo nzima huchora vilele vyembamba, vimesimama kama minara. Changu kilichora kilima kimoja kipana, mchoro wa kioo cha dirisha. Atomu zote zilikuwa zimefika, vyumba havikufika. Leza ilikuwa imelivunja jumba na kunitandazia kifusi chake, tena kwa unadhifu mkubwa. Mwenzangu wa meza ya pili aliyejaribu ZIF-8, fuwele nyingine ya vitundu ambayo kuta zake zina molekuli za kikaboni, aliambulia masizi. Mwaka 2025, Kitagawa, Robson na Yaghi walipopewa Nobel ya kemia kwa fuwele za ukoo huo, nilimkumbuka yeye na vidonge vyake vilivyoungua.

Mwalimu wangu nilikuwa nimemwambia mashine ya eksirei ina foleni.

"Bado, ami."

"Bado hakinyonyi, au bado hujapima?"

"Hakinyonyi."

Hakusema kitu. Akanirudishia, akanipa tochi nimmulikie, akachomelea draya ya tatu kwenye friji. Ile aliyoikata kwa ajili yangu nililipa mimi.

Usiku ule nikautuma mchoro wenyewe, kilima na yote. Mwalimu alijibu mistari michache: hilo Balkus na wenzake kule Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, walishapambana nalo miaka ya 1990, usiutupe utando, uupike. Yaani ule utando wa leza tuufanye msingi, tuutie kwenye chungu cha chuma kilichofungwa kabisa, pamoja na mchuzi wa silika, fuwele zimee juu yake upya. Tulipika kwa nyuzi 160, tukaharibu vingi, na vilele vya kwanza vikatoka mwezi wa Juni.

Niliporudi tena Mwembe Tayari, ami hakungoja hata shikamoo.

"Chanyonya?"

"Chanyonya, ami."

Akaweka bisibisi chini.

"Kiasi gani?"