Tafakari ya Juma: Kama Alivyokuwa Akifanya

Somo: Danieli 6:10

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Danieli alipojua kwamba mfalme Dario ametia sahihi amri kwamba atakayemwomba mungu au mtu yeyote ila mfalme kwa siku thelathini atupwe katika tundu la simba, aliingia nyumbani akapiga magoti mara tatu kila siku, "kama vile alivyokuwa akifanya tokea hapo." Maneno hayo tunayapita mbio kwa hamu ya kufika kwa simba. Adui zake walipokwenda walimkuta akiomba. Yaelekea walizijua saa zake vizuri, ndiyo maana mtego ukanasa. Je, anayetaka kukutega wewe kwa maombi yako aje saa ngapi?

Hapa Mombasa kesha halikosi watu, na mkutano wa injili ukiwekwa Tononoka tunajaa. Ni vyema. Ila Jumanne alfajiri hakuna kwaya wala kipaza sauti, adhana ya jirani inatuamsha, nasi tunavuta shuka. (Jirani ameshatawadha.)

Hapo Rabai aliishi mmisionari Johannes Rebmann. Vitabu vya shule humtaja kwa siku moja ya mwaka 1848, alipouona Mlima Kilimanjaro. Mimi hunigusa zaidi miaka iliyofuata. Alifika mwaka 1846 na hakurudi Ulaya hadi 1875. Alimzika mkewe Emma huku huku, macho yakafifia mpaka akawa kipofu, waongofu walikuwa wachache mno, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kufundisha na kukusanya maneno ya kamusi. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kazi hiyo. Naamini nguvu ya kukaa miaka yote hiyo haikutoka mlimani.

Tusielewane vibaya: maombi ya kila siku hayatununulii upendo wa Mungu, maana tulipendwa tungali wenye dhambi. Paulo alimwambia Timotheo ajizoeze utauwa, yaani kumcha Mungu, na mazoezi hufanywa na mtu ambaye tayari yumo timuni.

Wewe wa zamu ya usiku bandarini, usijilazimishe alfajiri. Saa yako huenda ni ile ya kusubiri feri Likoni. Mama mwenye mtoto mchanga, zaburi moja wakati wa kunyonyesha yatosha. Juma hili tusome Danieli 6 yote, kisha Zaburi 55:17, ambapo Daudi naye anazitaja saa zake: jioni, asubuhi na adhuhuri.