Kumbukumbu ya mradi: Wati na Enyau baada ya masasisho

Jumamosi, 10 Mei 2025

Mradi huu wa kompyuta tatu kuukuu sebuleni kwangu, hapa Arua, ulikuwa umekaa miezi kadhaa bila kunipa la kuandika, hadi leo. Kwa asiyeufuatilia tangu mwanzo: ni kompyuta mpakato zilizoachwa na wenyewe zikiwa bado na Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020, nami nikaziwekea Linux Mint, mfumo wa bure, na kuwafungulia mlango wanafunzi wa mtaani. Nilizipa majina ya kwetu, Wati na Liru kwa milima, Enyau kwa mto, kwa sababu kuziita ya kwanza, ya pili na ya tatu kulinichanganya kila nilipoandika humu.

Kilichonisukuma kusasisha ni kivinjari. Firefox zilizokuwa humo ni za kabla ya toleo la 128, na cheti cha mzizi, yaani kitambulisho kikuu cha kidijitali ambacho matoleo hayo hukitegemea kuhakiki viendelezi (programu ndogo za kuongezea kivinjari, kama kizuia matangazo), kilimaliza muda wake tarehe 14 Machi 2025. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walikuwa wametoa tahadhari mapema. Mimi ndiye niliyeahirisha, maana masasisho ya mfumo mzima hula mamia ya megabaiti, na bando hapa Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Ubahili huo haukunifaa kitu, kwani kizuia matangazo kilizimika, na matangazo yakaanza kula bando lile lile nililokuwa nikilibania.

Asubuhi nilisasisha Enyau na Wati, kisha nikazizima na kuzihamishia kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Katika kuzibeba niligundua kwamba betri kubwa ya Enyau imevimba, nikaitoa na kuiweka nje, mbali na nyumba. Bando lilikwisha kabla sijafika kwa Liru. Jioni mtoto wa jirani, aliye S4, yaani kidato cha nne, akaniita: "Mjomba, Wati imegoma. Na Enyau nayo haifungui kitu."

Nilipofika niliona mambo mawili tofauti. Wati ilifungua dirisha la kivinjari jeupe tupu, halikuonyesha hata upau wa anwani, na baada ya sekunde chache likajifunga lenyewe. Enyau ilifungua kivinjari vizuri kabisa, ila kila tovuti iliyoombwa ilileta ukurasa wa onyo kwamba muunganisho si salama. Kwa kuwa zote mbili zilisasishwa asubuhi hiyo hiyo, niliamua pale pale kwamba ugonjwa ni mmoja na kwamba sasisho ndilo lililouleta. Uamuzi huo ulinipotezea usiku mzima, nikitafuta njia ya kurudi kwenye toleo la zamani.

Jumapili, 11 Mei

Njia ya kurudi nyuma nimeiacha, nami naandika sababu ili nisiirudie. Tangu toleo la 67 la mwaka 2019, Firefox hukataa kufungua wasifu (folda inayohifadhi mipangilio, alamisho na nywila za mtumiaji) uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi, kwa kuhofia kuharibu data. Ningerudisha programu ya zamani, ingeniambia tu nianze wasifu mpya, na alamisho na nywila zote zingebaki nyuma ya mlango.

Rafiki yangu fundi wa simu alipita baada ya chakula cha mchana, akatazama, akasema, "Mzee, futa programu yote uweke upya, usijisumbue." Ni ushauri wa heshima na kwenye simu mara nyingi hufaa, lakini hapa haungegusa kitu, kwa sababu kuiondoa Firefox kwenye Linux hakuondoi folda ya wasifu iliyo ndani ya makazi ya mtumiaji. Ningeteketeza megabaiti nyingine ili kurudisha programu ile ile juu ya folda ile ile.

Nikaanza na Enyau, na safari hii nikasoma onyo lenyewe badala ya kulikunjia uso. Chini ya ukurasa palikuwa na msimbo mrefu: MOZILLA_PKIX_ERROR_NOT_YET_VALID_CERTIFICATE. Maana yake ni kwamba cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, muda wake bado haujaanza. Nilishangaa ni tovuti gani hiyo yenye cheti cha kesho, na zote kwa pamoja, hadi nilipoangalia pembe ya chini ya skrini nikakuta kompyuta inaamini kwamba tuko Aprili 2024. Cheti huandikwa tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta tu, hakina saa nyingine ya kuuliza. Kwa Enyau iliyokuwa ikiishi mwaka jana, vyeti vyote vya mwaka huu vilikuwa havijazaliwa.

Nikafungua mgongo wa mashine. Betri ndogo ya saa ni CR2032, imefungwa ndani ya plastiki ya manjano yenye nyaya mbili fupi, nyekundu na nyeusi, zinazoingia kwenye soketi isiyozidi punje ya mchele. Betri ya namna hiyo ikiwa nzima hutoa volti 3. Mita yangu ilisoma 1.2. Bila shaka ilikufa zamani, lakini hatukujua, kwa sababu betri kubwa ndiyo iliyokuwa ikiilinda saa kila umeme ulipokatika, hadi jana nilipoitoa. Mint kwa kawaida hurekebisha saa kupitia intaneti, ila huduma hiyo niliizima mwenyewe mwaka juzi nilipokuwa nikifunga kila kilichogusa bando. Nimeiwasha tena, tarehe ikaruka hadi leo, na tovuti zote zikafunguka. Sasisho halikuwa na hatia yoyote kwa Enyau. Lilinifanya tu niizime na kuihamisha.

Jumanne, 13 Mei

Sokoni sikupata betri yenye nyaya, nikanunua CR2032 tupu na kubana ncha za nyaya za zamani juu yake kwa utepe wa kuhami. Kazi hiyo haipendezi machoni, lakini saa imevuka usiku mmoja bila umeme ikiwa sahihi.

Jumamosi, 17 Mei

Wati imenichukua jioni tatu. Kabla ya kugusa chochote nilinakili folda nzima ya wasifu kwenye flashi, nikihakikisha hasa faili ya places.sqlite, yenye alamisho na historia, pamoja na logins.json na key4.db, ambazo lazima ziende pamoja, kwa kuwa ya kwanza hubeba nywila zikiwa zimefungwa na ya pili ndiyo ufunguo.

Kisha nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika firefox --safe-mode, amri ya kukifungua kivinjari katika hali ya utatuzi. Dirisha likaja zima, na upau wake, na kurasa zikafunguka. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu hali hiyo ya utatuzi huzima vitu kadhaa kwa wakati mmoja, vikiwemo viendelezi na uharakishaji wa picha kupitia maunzi (kuiachia kadi ya picha kazi ya kuchora skrini), kwa hiyo iliniambia tu kwamba mhalifu ni mmoja wao. Nikazima viendelezi vyote, nikafungua kwa kawaida, weupe ukarudi. Nikarudi kwenye hali ya utatuzi na kuondoa alama ya uharakishaji katika mipangilio. Nilipofungua tena kwa kawaida, weupe ule ule. Niliporudi kuangalia, alama niliyoiondoa ilikuwa imejirudisha mahali pake.

Hapo ndipo nilipokaa kitako, maana mpangilio haujirudishi wenyewe bila mkono wa mtu. Nikaunda wasifu mpya kwa about:profiles, ukurasa wa ndani wa Firefox wa kusimamia wasifu, ukafanya kazi bila tatizo, nikajua ugonjwa umo ndani ya folda ya zamani. Nikaiorodhesha faili moja baada ya nyingine, na kati ya faili zote nikakuta user.js, faili ambayo Firefox haiitengenezi kamwe. Huandikwa na mtumiaji. Niliifungua. Ilikuwa na mistari mitatu na maelezo mafupi kwa Kiswahili, kwa mwandiko ambao siwezi kuukana: "ili video zisikwame". Mistari hiyo ilikuwa ikikilazimisha kivinjari kutumia kadi ya picha hata pale chenyewe kilipoona haifai: gfx.webrender.all na layers.acceleration.force-enabled ziwe kweli, na layers.acceleration.disabled isiwe kweli. Mwaka 2023 hila hiyo ilisaidia. Viendeshi vya picha, programu zinazoiendesha kadi hiyo, vilipobadilika pamoja na mfumo, kadi hii ya zamani haikuweza tena kubeba ilichoshurutishwa kubeba, na kwa kuwa user.js husomwa kila kivinjari kinapoanza, marekebisho yangu yalifutwa kila mara.

Nikabadilisha jina la faili kuwa user.js.zamani, nikafungua kivinjari nikiwa tayari kuchemsha chai ya ushindi. Dirisha jeupe! Hili sikulijua hapo awali: thamani zilizoletwa na user.js huandikwa pia ndani ya prefs.js, faili ambamo Firefox yenyewe huhifadhi mipangilio, na hubaki humo hata faili ya kwanza ikiondolewa. Ikabidi niingie tena katika hali ya utatuzi, nifungue about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani, nizitafute zote tatu na kuzirudisha kwenye thamani za asili. Baada ya hapo Wati ilifunguka kwa kawaida, alamisho zikiwa mahali pake, na mtoto wa jirani akaendelea na somo lake la jiografia. Video zinakwamakwama kidogo kuliko zamani, naye amelalamika. Nimemwambia achague ubora wa chini.

Liru bado haijasasishwa. Jioni hii nimechungulia folda ya wasifu wake, na user.js imo, ya mistari ile ile mitatu na maelezo yale yale. Nimeiondoa na kuzirudisha thamani tatu kabla sijanunua bando.